Sakafu ya Koki kwa Nyumba Yenye Afya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwanza neno lenyewe. Koki inayozungumziwa hapa si koki ya bomba la maji. Ni ile malighafi nyepesi ya rangi ya kahawia inayotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo na mbao za kuchomekea matangazo kwa pini. Wengi hushangaa kusikia kwamba kitu laini namna hiyo kinaweza kukanyagwa kwa miaka ishirini na zaidi. Kinaweza. Lakini zipo sakafu za koki zinazofaa kulaza mtoto mchanga, na zipo zilizobeba jina la koki tu, na ukisimama dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi palepale: koki imechanganywa na nini, imepakwa nini, na chini yake kuna nini.

Koki inatoka wapi?

Ni gome la nje la mwaloni wa koki, mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Quercus suber. Unaota magharibi mwa Mediterania: Ureno, Hispania, Italia, kusini mwa Ufaransa, Moroko, Algeria na Tunisia. Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya koki yote duniani.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kile alichokiona alipokata kipande chembamba cha koki na kukiweka chini ya hadubini: vijumba vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Jina alilovipa ndilo tunalolitumia hadi leo, seli. Sentimita moja ya ujazo ya koki ina takriban seli milioni 40, zimejaa hewa, na kuta zake zina suberini, dutu yenye nta isiyopitisha maji kirahisi. Ukisikia koki ni nyepesi, haina baridi, inameza kelele, na ikibonyezwa inarudi, sababu ni hivyo vijumba.

Je, mti hukatwa ili kupata koki?

Haukatwi. Unachunwa gome tu, nalo huota upya. Mavuno ya kwanza husubiri mpaka mti ufikishe takriban miaka 25, kisha sheria ya Ureno inataka ipite angalau miaka 9 kabla ya kuuchuna tena.

Kazi hufanyika kati ya Mei na Agosti, mti ukiwa unakua kwa kasi na gome likiachia kirahisi. Bado inafanywa kwa mkono. Mvunaji hupasua gome kwa shoka, huuzungusha mpini kidogo na kusikiliza mlio, kisha hulibandua gome kwa vipande vikubwa vilivyojikunja. Shoka likizama mno hujeruhi tabaka hai la ndani, na mti hubaki na kovu hilo maisha yake yote, kwa hiyo kazi hii haikabidhiwi mgeni. Shina lililochunwa hubaki na rangi inayokaribia chungwa, kisha polepole hugeuka wekundu uliokolea. Mwishowe huandikwa tarakimu moja kwa rangi nyeupe: 3 kwa mti uliovunwa mwaka 2023, ili asije mtu akaurudia kabla ya 2032.

Huko Águas de Moura nchini Ureno kuna mwaloni wa koki uliopandwa mwaka 1783. Umeshavunwa zaidi ya mara ishirini na bado umesimama.

Kwa hiyo sakafu inatengenezwa kwa gome zima?

Mara nyingi hapana. Gome bora huenda kwenye vizibo. Kizibo kikishatobolewa, sehemu kubwa ya gome hubaki ikiwa na matundu matundu, na masalia hayo, pamoja na gome la mavuno ya mwanzo lisilofaa kwa vizibo, husagwa kuwa chembe. Chembe huchanganywa na gundi, hushindiliwa kwa joto, kisha hukatwa vigae. Hakuna mti unaochunwa kwa ajili ya sakafu pekee, na hilo napenda kulitaja kwa sababu ni nadra kupata bidhaa ya ujenzi inayotokana na mabaki na bado ikawa ya daraja la kwanza.

Lakini umeona lile neno "gundi". Tutalirudia.

Ni kweli rafiki wa mazingira, hata ikisafirishwa kutoka mbali?

Misitu ya koki ya Ureno na Hispania ni makazi ya tai mfalme wa Iberia na ya linksi wa Iberia, paka mwitu aliyekaribia kutoweka kabisa. Mizizi ya mialoni hushikilia udongo katika nchi kavu, na gome lake nene huukinga mti na moto. Misitu hii haikubaki kwa bahati. Imebaki kwa sababu gome lina soko, na mwenye shamba anayepata riziki kutoka kwa mti uliosimama hana haja ya kuuangusha.

Safari ya meli ina gharama yake kwa hewa, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Koki ni nyepesi, lakini ubao wenye kiini cha mbao na tabaka la plastiki juu si mwepesi hivyo wala si msafi hivyo. Na kama nyumba yako tayari ina sakafu nzima ya mbao ngumu au ya vigae ambayo bado ina miaka mingi ya kuishi, kuing'oa ili uweke kitu "cha kijani" ni hasara kwa mazingira. Itunze hiyo. Koki ichaguliwe pale ambapo sakafu mpya inahitajika kweli.

Inasaidiaje afya ya walio ndani ya nyumba?

Anza na miguu. Simama saa mbili kwenye sakafu ya kauri ukipika au ukipiga pasi, visigino na kiuno vitakuambia. Koki hubonyea kidogo chini ya unyayo na kurudi. Kwa mzee anayeweza kuanguka, au mtoto anayejifunza kutembea na kuketi kwa kishindo mara arobaini kwa siku, ulaini huo ni kinga ya kweli. Kikombe kikidondoka mara nyingi hubingirika tu.

Halafu kuna joto. Ukikanyaga kauri asubuhi ya baridi, unyayo hushtuka kwa sababu kauri hunyonya joto la mwili upesi. Koki hulinyonya polepole sana, na mguu unaona uvuguvugu ingawa sakafu zote mbili ziko katika nyumba moja, kwa halijoto ileile.

Kelele nayo ni sehemu ya afya, hasa kwa wanaoishi ghorofani. Hatua za miguu, kiti kinachovutwa, mpira wa mtoto: vyote hupungua kabla havijafika kwa jirani wa chini.

Kuhusu pumu na mzio, manufaa makubwa ni kwamba koki haina manyoya ya kushika vumbi na kupe wa vumbi kama zulia. Vumbi hukaa juu na hufagilika. Wauzaji wengine huenda mbali zaidi, wakasema koki "huua vijidudu". Usinunue kwa ajili ya ahadi hiyo. Sakafu yoyote iliyopakwa vanishi, kinachogusana na vijidudu ni vanishi.

Nasikia sakafu zinaweza kutoa formaldehaidi. Na koki je?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mnunuzi aliulize kabla ya kuuliza rangi.

Formaldehaidi ni gesi inayotumika katika gundi nyingi za mbao za kiwandani. Huwasha macho na koo, na tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Koki yenyewe si tatizo. Tatizo linaweza kuingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni gundi inayoshika chembe. Viwanda vingi siku hizi hutumia poliyurethani, ambayo ikishakauka haitoi formaldehaidi. Vingine bado hutumia gundi za yurea-formaldehaidi, ambazo ni za bei rahisi na ndizo za kuepuka ndani ya nyumba.

Mlango wa pili, na ndio unaosahaulika, ni kiini cha mbao zinazofungana, yaani zile zinazoshikana kingo kwa kingo bila gundi. Ubao wa namna hii una tabaka jembamba la koki juu, jingine chini, na katikati ubao wa HDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Mtu ananunua akiamini kwamba anakanyaga gome la mti, kumbe sehemu kubwa ya unene ni HDF. Uliza daraja lake. E1 ndicho kipimo cha Ulaya ambacho wengi hukitaja, na maana yake ni kwamba hewa ya chumba cha majaribio haikuzidi sehemu 0.1 ya formaldehaidi kwa kila sehemu milioni. Ni kiwango cha chini kabisa cha kukubali. Zipo bidhaa zilizo safi kuliko hapo.

Mlango wa tatu ni kile kinachopakwa juu na kile kinachobandikia chini. Vanishi na gundi zilizotengenezwa kwa vimumunyisho, yaani kemikali za kuyeyushia, hujaza nyumba mvuke kwa siku nyingi. Za maji zipo, na kwa nyumba ya kulala watu sioni sababu ya kutumia nyingine.

Alama zinazosaidia ni FloorScore na GREENGUARD Gold, na kwa bidhaa zinazouzwa Ufaransa, ile alama ya hewa ya ndani yenye madaraja, ambapo A+ ndiyo bora. FSC inahusu msitu tu, haisemi lolote kuhusu hewa ya chumba. Watu huzichanganya hizi, na wauzaji hawakimbilii kuwasahihisha.

Ipi bora, vigae vya kubandika au mbao zinazofungana?

Vigae vya kubandika ni koki mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida milimita 4 hadi 6. Hubandikwa kwa gundi juu ya sakafu iliyosawazishwa, kisha hupakwa vanishi. Mbao zinazofungana, za milimita 10 hadi 12, hulazwa bila gundi juu ya tandiko na kushikana kingo kwa kingo. Hizi za pili zinawekwa kwa siku moja na hazihitaji sakafu nyoofu mno.

Kwa afya na kwa maisha marefu, mimi nachagua vigae. Vina vitu vichache ndani, havina HDF, na vikichakaa vinapigwa msasa na kupakwa upya. Mbao zinafaa kwa mpangaji atakayehama nazo, au kwa chumba kikavu kinachohitaji sakafu haraka.

Kuna aina ya tatu: picha ya mbao au ya koki iliyofunikwa kwa vinaili, na koki ikiwa chini tu kama mto. Hiyo ni sakafu ya plastiki. Inaweza kukufaa, lakini usiilipie bei ya koki.

Naweza kuiweka jikoni na bafuni?

Jikoni, ndiyo, kwa vigae vya kubandika vilivyopakwa vanishi baada ya kuwekwa, ili vanishi iingie kwenye viungo na kuviziba. Bafuni pia inawezekana kwa mtindo huo huo. Katika Fallingwater, nyumba iliyochorwa na Frank Lloyd Wright nchini Marekani miaka ya 1930, mabafu yana koki sakafuni na ukutani. Mahali ambapo maji yanatuama, kama chini ya bomba la mvua lenyewe, weka kitu kingine.

Mbao zenye HDF ni habari nyingine. Niliwahi kuinua ubao mmoja mbele ya sinki la jikoni. Juu, koki ilikuwa kama ya jana. Kingo zake tu ndizo zilizonyanyuka kidogo, kiasi cha kukwaza dole gumba la mguu. Nilipougeuza, kiini kilikuwa kimevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na harufu ya ukungu ikatupanda puani sote tuliokuwa pale. Familia ile ilikuwa imehangaika miezi na kikohozi cha mtoto wakidhani ni vumbi la nje. Sisemi ukungu ndio uliokuwa chanzo, mimi si daktari. Nasema tu kwamba hakuna nyumba yenye afya inayohifadhi kitu kile chini ya miguu.

Nitajuaje kama zege limekauka vya kutosha?

Zege jipya linaonekana kavu juu baada ya siku chache tu, ilhali ndani bado lina maji mengi. Kipimo cha mafundi ni takriban mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene, na zaidi kama hewa ni ya unyevunyevu.

Jaribio rahisi: chukua kipande cha plastiki angavu, nusu mita kwa nusu mita, kibandike juu ya zege kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta matone chini ya plastiki au zege limebadilika rangi likawa jeusi, subiri. Lakini plastiki kavu haithibitishi kila kitu, kwa hiyo kwa jamvi, yaani sakafu ya zege, lililomwagwa karibuni au lililogusana na ardhi, mwite fundi mwenye kipimo cha unyevu. Kama unyevu unapanda kutoka ardhini miaka yote, koki haitauponya, itaufunika tu. Tibu jamvi kwanza.

Meza nzito, viatu vya visigino na kucha za mbwa?

Koki hurudi ikibonyezwa kwa muda mfupi. Mguu wa kabati uliokaa miaka mitano utaacha alama, na mara nyingi alama hiyo haiondoki kabisa. Weka visahani vipana chini ya miguu ya samani nzito na vipande vya felti chini ya viti. Kisigino chembamba cha kiatu hubeba uzito wote wa mtu kwenye eneo la ukucha mmoja, kwa hiyo viatu vivuliwe mlangoni. Mbwa mwenye kucha zilizokatwa hana shida kubwa. Epuka mikeka yenye mpira chini, maana mpira huweza kuacha doa lisilotoka.

Jua huibadilisha rangi?

Ndiyo, hupauka. Weka mapazia upande wa jua kali, na usogeze zulia na samani mara kwa mara ili isipauke vipande vipande.

Mchwa je?

Suberini si chakula cha kuvutia kwa wadudu, lakini usijenge imani yako hapo. Kiini cha HDF ni mbao, na mchwa hula mbao. Kama eneo lina mchwa, kinga ifanyike kwenye msingi na jamvi kabla ya sakafu yoyote kuwekwa.

Inasafishwaje?

Fagia au tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini. Mchanga ndio adui mkubwa, kwa sababu kila hatua huugeuza kuwa msasa. Ukipiga deki, kamua dekio mpaka lisidondoshe tone. Ndoo ya maji haimwagwi kwenye koki, hata ile ya vigae. Sabuni iwe ya kawaida isiyo kali, na amonia na bleachi zikae mbali. Kilichomwagika kifutwe pale pale.

Itadumu muda gani?

Vigae vinene vinavyopakwa upya kwa wakati hupita miaka ishirini bila shida. Kinachochakaa kwanza ni vanishi. Tazama njia inayokanyagwa zaidi, pale mlangoni na mbele ya jiko: mng'ao ukififia, piga msasa mwepesi na upake tena kabla hujaifikia koki yenyewe. Ukichelewa hadi chembe zianze kubanduka, kazi inakuwa kubwa. Mbao zinazofungana zina tabaka jembamba la koki juu, nyingi milimita 3 hivi, na huruhusu msasa mara chache au zisiruhusu kabisa.

Naweza kuiweka mwenyewe?

Mbao zinazofungana, ndiyo, kwa mtu mwenye subira na pimamaji. Ziache ndani ya chumba siku mbili au tatu zizoee hewa, na uache nafasi ya takriban milimita 10 ukutani pande zote, itakayofichwa na skatingi. Vigae vya kubandika vinahitaji sakafu laini kama meza, kwa sababu kila kibonde na kila chembe ya mchanga iliyosahaulika huonekana juu. Vingi hutumia gundi ya kupaka pande zote mbili inayoshika mara moja, na kigae kikishagusa hakisogei. Hapo mwite fundi aliyewahi kuifanya, na umwombe akuonyeshe kazi yake ya miaka mitatu iliyopita kuliko ya mwezi uliopita.

Naweza kubandika koki juu ya sakafu ya zamani?

Juu ya kauri, ndiyo, mradi haitikisiki na viungo vyake vimejazwa vikawa sawa. Juu ya zulia, hapana.

Kwenye vigae vya zamani vya plastiki, simama kwanza. Vile vilivyowekwa kabla ya miaka ya 1980 kwisha, pamoja na ile gundi nyeusi iliyo chini yake, vinaweza kuwa na asbesto, na nyuzi zake zikivutwa mapafuni husababisha saratani miaka mingi baadaye. Usivipige msasa, usivivunje, usivifagie vikiwa vimepasuka. Peleka kipande kwenye maabara kikapimwe. Vikiwa na asbesto lakini vimeshikilia vizuri, mara nyingi njia salama ni kuviacha vilivyo na kulaza mbao zinazofungana juu yake bila kutoboa wala kukwangua chochote. Hapa peke yake ndipo nazipendelea kuliko vigae.